Yote Ukitoa Kumi na Mbili

Mwaka jana nililipwa elfu nne kuandika orodha ya maneno 500 ya Kiingereza ambayo mtoto wa Gredi ya 6 "lazima ayajue" kabla ya kukalia KPSEA. Aliyenipa kazi huchapisha vitabu vya marudio, vile vyembamba vya jalada la rangi kali ambavyo wazazi hununua muhula wa tatu wakishaanza kuingiwa na baridi. Shilingi nane kwa neno. Nilikuwa na deni la nyumba na stima ilikuwa imebaki yuniti mbili, kwa hivyo sikuuliza maswali. Usiku mbili, nikamaliza, nikatuma, nikalipwa.

Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanikumbusha baadaye. Orodha ninayoitukana hapa ni yangu.

Na nilijua cha kuweka, kwa sababu nililelewa na orodha kama hiyo. Kama ulifanya KCPE kabla haijazikwa 2023, unaikumbuka vokabu. Mtoto wa batamaji ni "cygnet". Mtoto wa sungura mwitu ni "leveret". Mabata bukini wakiwa wengi ni "gaggle". Batamaji haishi kwenye ziwa lolote la Kenya, hata ukizunguka kutoka Turkana hadi Jipe, lakini watoto wake tuliwajua kwa jina. Halafu insha. Alama 40, na sisi sote, nchi nzima, tuliamka asubuhi na mapema tukiwa "as fit as a fiddle", hata kama insha ilikuwa kuhusu mazishi. Nani kati yetu alikuwa ameona hiyo fiddle? Mwalimu aliweka alama ya vyema juu yake kwa kalamu nyekundu, na hiyo ilitosha.

Nikaziweka zote. Cygnet, leveret, gaggle, fiddle. Nikaongeza "flabbergasted" kwa sababu hakuna kitabu cha marudio kinachojiheshimu kinachouzwa bila "flabbergasted".

Miezi michache baadaye jirani yangu hapa Pipeline akanigongea mlango. Ananiita mwalimu ingawa chuo niliacha mwaka wa tatu, na nimechoka kumrekebisha. Alikuwa na kijana wake wa Gredi ya 6 na karatasi ya mtihani wa majaribio. "Nisaidie na huyu. Hesabu anajua nyumbani, akifika shule inapotea." Kijana alikuwa na kitabu kwapani. Kilikuwa changu. Jina langu halikuwa kwenye jalada, shukrani kwa Mungu.

Swali lenyewe nimelibadilisha kidogo, lakini umbo lake ni lile lile. "A trader bought 3 trays of eggs. Each tray had 30 eggs. She sold all the eggs except 12. How many eggs did she sell?" Majibu manne ya kuchagua. Alikuwa amechagua 12.

"Si ameuza 12, anko? Imeandikwa hapo."

Nikamwambia aweke karatasi chini. Mama akinunua trei tatu, auze mayai yote abaki na kumi na mbili, ameuza mangapi? Hakumaliza sekunde tano. "Sabini na nane." Yeye na mamake huuza mayai ya kuchemsha kila jioni pale kwenye kona, na kachumbari. Trei anazijua kuliko mimi, na kuliko aliyetunga swali.

Halafu akaniuliza, "Kwani except ni ukitoa?"

Ndiyo. Except ni ukitoa. Kijana alikuwa amekaa darasani miaka sita, bila kuhesabu ya chekechea. Alikuwa amemeza kurasa zangu mpaka akajua kundi la simba linaitwaje, la nzige linaitwaje. Na katika miaka hiyo yote hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia kwamba except ni ukitoa.

Tulikaa na ile karatasi jioni mbili, na sikuwa nikitafuta tena makosa ya hesabu. Nilikuwa natafuta maneno madogo. Yalikuwa kila mahali. "Each", kwa mfano. Sisi Waswahili wa mtaani tunaposema mtu aliwapa watoto shilingi kumi kumi, ule mrudio ndio unafanya kazi yote. Kiingereza hakirudii nambari. Kinatupa "each" mwisho wa sentensi, kimoja, kidogo, na mtoto anakiruka kama koma. Akishakiruka, watoto watano wamepewa shilingi kumi kwa jumla, na swali zima limeanguka.

"Unless" ni mbaya zaidi. Kiswahili hakihitaji neno hapo. Usipokunywa dawa hutapona, na ile "-sipo-" imejificha ndani ya kitenzi, huwezi kuing'oa na kuiweka kwenye orodha. Mtoto hana neno moja kichwani la kuliweka kando ya "unless", kwa hivyo mwache atafute mpaka kesho. Na "hardly"! Anaijua "hard", anajua "work hard", basi mtu ambaye "hardly worked" ni mchapakazi. Nilimwonea huruma, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka kidato cha pili, na niliwahi kumsifu babu yangu kwa insha nzima kwa namna hiyo.

Sasa fikiria karatasi zake nyingine. Sayansi iko kwa Kiingereza. Hesabu iko kwa Kiingereza. "Which of the following is not", "most likely", "at least", "how many more". Cygnet itakuja mara moja kwenye maisha yake ya mtihani, ikija. "Not" na "except" na "each" ziko kila ukurasa, katika kila somo ukitoa Kiswahili, na ndizo zinazoamua kama ataonekana mjinga au la. Ukinipa neno "muhimu" nilifafanue, nitasema hivyo: neno ambalo usipolijua, vile vingine unavyovijua vinakosa kazi.

Mtoto wa Lavington hakusoma except kwenye orodha. Aliisikia mezani akiwa na miaka mitatu, kila mtu atapata aiskrimu except wewe uliyempiga dadako, na akalia, na ikamwingia. Yeye akikalia lile swali la mayai anapimwa hesabu. Wetu anapimwa Kiingereza kwanza, kimyakimya, halafu matokeo yanaandikwa kwenye safu ya hesabu. Na hatuwezi kumwambia mtoto wa Pipeline asubiri ayasikie mezani. Kwake meza ni ndoo ya mayai.

Kwa nini basi hayafundishwi? Nimesikia kwamba ni mepesi mno. Si kweli, ni magumu kuliko cygnet mara kumi. Cygnet unaielezea kwa picha. Except huwezi kuichora. Njia fupi kabisa ya kumpa mtoto neno kama hilo ni kusema "ukitoa", yaani kulieleza kwa lugha aliyo nayo tayari. Na hapo ndipo pamefungwa kufuli.

Akademi niliyosomea ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukishikwa ukiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani unakivaa, mpaka umkamate mwenzako umpokeze. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu jambo hilo hilo katika Decolonising the Mind, 1986, akisimulia utoto wake wakati wa mkoloni. Mimi nilivaa changu baada ya mwaka 2000. Sera inasema tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mijini tulipochanganyika Kiswahili kinaruhusiwa. Hiyo ni sera. Getini kwetu kulikuwa na bango la "English Only" kubwa kuliko jina la shule, maana ndilo wazazi walikuwa wananunua. Mwalimu aliyekatazwa kusema "ukitoa" angefanya nini? Alisema except kwa sauti kubwa zaidi. Darasa zima likarudia. Except, except, except.

Najua kuna mtu tayari ameshika simu kuniandikia kwamba Kiingereza ndicho kinatafuta kazi, na kwamba naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nimeshindwa na maisha. La pili tutajadili siku nyingine. La kwanza nakubali kabisa. Kiingereza ni lugha rasmi, pamoja na Kiswahili, Katiba ya 2010 inasema hivyo, na mtoto huyu atakihitaji hospitalini, benki na mahakamani. Ndiyo sababu nina hasira. Angekuwa anakipata, ningenyamaza.

Na usidhani hili halijawahi kufikiriwa. Kulikuwa na Mwingereza anaitwa Michael West, afisa wa elimu Bengal enzi za ukoloni. Mtu wa mfumo, simtetei. Lakini aliona kitu: watoto wengi wa Kibengali walikuwa wanaacha shule njiani, na wakiacha, Kiingereza walichosoma hakikuwa kimewafikisha popote. Katika kitabu chake cha 1926 aliazima neno kutoka kwa watu wa bima. Ukivunja bima kabla haijakomaa, kuna kiasi unachorudishiwa. Akauliza, mtoto akiacha masomo ya lugha leo, anarudishiwa nini? Mwaka 1953 ilitoka orodha yake ya maneno kama 2,000, yaliyochaguliwa kwa kuangalia ni mara ngapi yanatokea kwenye maandishi na yana kazi gani, na ukiyajua hayo umeshika karibu maneno manne katika kila matano ya maandishi ya kawaida. Each imo. Except imo. Unless imo. Cygnet haimo.

Hilo swali la bima lilinikaa vibaya, nadhani unaelewa kwa nini. Mimi nilivunja yangu mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Nilirudishiwa sentensi. Naweza kuandika barua, kusoma mkataba, kubishana na mwenye nyumba kwa lugha mbili. Kijana huyu akiacha kesho, Mungu apishe mbali, anatoka na simba, nzige na batamaji.

Kwa hivyo nilimwandikia aliyenipa kazi. Nikamwambia toleo lijalo nitamfanyia orodha nyingine, maneno 150 tu, madogo, kila moja na Kiswahili chake na maswali matatu ya hesabu na sayansi linamojificha. Nilikuwa nimeshaanza, nikamtumia kurasa mbili za sampuli. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole sana, si mtu mbaya. Alisema mzazi akifungua kitabu dukani aone "each" na "not" atasema haya si ya kulipia shilingi mia tatu, haya mtoto wangu anayajua. Akiona "flabbergasted" ananunua. Na Kiswahili ndani ya kitabu cha Kiingereza, alisema, kitafanya walimu wakuu wakirudishe.

Nilimsikiliza mara mbili. Yuko sahihi kuhusu soko, na hilo ndilo linaniuma. Vokabu hainunuliwi ili mtoto aelewe. Inanunuliwa ili asikike. Mgeni akija, mtoto aitwe kutoka jikoni, aseme neno refu, mgeni atikise kichwa. Mimi ninauza hicho kitikisa-kichwa kwa shilingi nane kila kimoja.

Wiki iliyopita amenitafuta tena. Anataka ya Gredi ya 9, maneno 1,000, na sasa ni shilingi saba. Sijamjibu. Nyumba inadaiwa mwezi mmoja.

Zile kurasa mbili za sampuli kijana amezibandika nyuma ya mlango wao, juu ya kalenda ya duka la mifugo. Except, ukitoa. Each, kumi kumi. Unless, usipo-. Hardly, ni kama hakufanya. Juzi nilipoenda kununua yai nikaona ameongeza moja kwa biki nyekundu, ambayo mimi sikuwa nimemfundisha: at least, isipungue.