Kompyuta Kuukuu za Shule Zisiuzwe kwa Kilo

Katika shule moja ya kutwa isiyo mbali na mji wa Gilgil, ambayo kwa sababu za heshima sitaitaja jina, kuna pendekezo lililofikishwa mbele ya Bodi ya Usimamizi. Inadaiwa kwamba kompyuta 22 zilizomo katika maabara ya shule hiyo zimepitwa na wakati, kwamba hazifai tena kufundishia, na kwamba kila mzazi hana budi kutoa mchango ili zinunuliwe mpya. Hizo za zamani ziuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimeziona kompyuta hizo kwa macho yangu. Ishirini kati yake zinawaka, zinaandika na zinahesabu. Hatia yake ni moja tu: zinaendeshwa na Windows 10.

Ni kweli kwamba mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea mfumo huo viraka vya kawaida vya usalama, kama ilivyoufanyia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai mashine yenye kijisehemu maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Prosesa za kizazi hicho zilianza kutoka mwaka 2017. Sasa basi, ni shule ngapi za kutwa za umma zilizonunua kompyuta mpya kutoka kiwandani baada ya mwaka huo? Nyingi ya zile tulizo nazo zilitujia zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo au za Nairobi. Shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likizikarabati mashine za aina hiyo na kuzifikisha shuleni tangu mwaka 2002, na hapana mwalimu aliyewahi kuona aibu kuzipokea.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa nasema hatari haipo. Mfumo usiotiwa viraka ni nyumba ambayo kitasa chake kimevunjika na habari zimeenea mtaani. Mnamo Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, na cha kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Waliolizwa ni wale ambao hawakukitia. Je, itakuwaje kwa mashine ambazo viraka vyake havitoki tena?

Kati ya kuuza kwa kilo na kuketi tukisubiri maafa, ipo njia ya tatu, na watu wa Gilgil hawapaswi kuambiwa njia panda ni nini. Tangu mwaka 1929 reli ya kwenda Nyahururu, ambayo wakati huo ilijulikana kwa jina la Thomson's Falls, ilichipuka hapa kutoka katika reli kuu ya Nakuru. Stesheni ilikuwa moja, na aliyeigeuza reli ndiye aliyeamua gari litashika njia ipi. Kompyuta nayo yaweza kuwekewa mifumo miwili ya uendeshaji katika diski moja, kila mmoja katika sehemu yake. Inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huonyesha orodha na kumuuliza anayeitumia: waenda wapi leo, Windows au Linux? Ukichagua, mfumo mmoja huamka na mwingine hubaki umelala hadi utakapozima na kuwasha tena.

Linux ni mfumo ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Hautozwi ada. Viraka vyake hutolewa bure, na aina zake nyepesi, kama vile Linux Mint yenye sura ya Xfce, huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na hata 2 kwa kujikongoja. Kwa mashine kongwe zaidi za biti 32, ipo Debian 12, ambayo bado inatunzwa ingawa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekeki tena katika mashine hizo.

Wapo watakaouliza: ikiwa Linux ni salama na ni ya bure, mbona tusiifute Windows kabisa? Swali hili nimelisikia kwa vijana wenye bidii, na jibu langu ni kwamba mtihani hauendeshwi kwa bidii peke yake. Mtahiniwa wa KCSE wa somo la Kompyuta ana karatasi ya vitendo, na walimu wengi wamezoea kufundisha hifadhidata kwa Microsoft Access. LibreOffice, inayokuja pamoja na Linux, huandika barua na majedwali vizuri sana, lakini hifadhidata iliyoundwa kwa Access, pamoja na fomu na ripoti zake, haifunguki humo ikatumika kama ilivyo. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya mtihani wao mwaka 2027. Kuwabadilishia zana katikati ya safari ni kuwaonea. Aidha, Microsoft yenyewe imetangaza kuiondoa programu ya Publisher kuanzia Oktoba 2026, na wengi wetu tumeitumia kufundishia uchapishaji. Mwalimu anayetaka kuendelea nayo hadi mwaka huo wa mwisho atahitaji hiyo hiyo Windows kuukuu, na nakala ya Publisher iliyolipiwa, ikiwa mahali pake kimya kimya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Windows 10 ibaki kwa masomo yale yanayoihitaji, na ikatwe kabisa kutoka kwenye intaneti. Linux itumike kwa mambo yote ya mtandaoni: kutafuta habari, baruapepe, na hasa kumbukumbu za shule. Nasema hasa kumbukumbu, kwa kuwa tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na walimu wakuu fulani bado hudhani inahusu benki na kampuni za simu. Mnamo 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Majina ya wanafunzi, alama zao, nambari za simu za wazazi, habari za magonjwa yao: haya yote hayapaswi kukaa katika mashine ambayo mlango wake hauna kitasa.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka utaratibu, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji. Namjua mwalimu aliyemwita fundi kutoka mjini amwekee mifumo miwili. Fundi alifika saa nne, akaondoka saa sita, na mfumo ulikuwa mmoja: alikuwa ameifuta diski yote, pamoja na miradi ya watahiniwa ya mwaka mzima. Hapakuwa na nakala. Basi la kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kunakili kila faili kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini. La pili, diski igawanywe kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwa zana yake ya kusimamia diski, ili ipatikane nafasi ya gigabaiti 30 au 40. La tatu, ile hila ya Windows ya kuwaka upesi izimwe. Hila hiyo huifanya mashine isizimike kikamilifu bali isinzie, na Linux ikiingia ikakuta sehemu ya mwenzake imesinzia, ama itakataa kuiandikia au itaziharibu faili. Na ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake uandikwe kwenye karatasi kabla, la sivyo mashine yaweza kuudai ufunguo huo asubuhi ya pili asipatikane wa kuutoa.

Windows hutangulia, Linux hufuata. Ukigeuza mpangilio huo, Windows huichukua stesheni yote kama kwamba hapana mwingine, na GRUB haionekani tena.

Kuna kioja kimoja ambacho kimewasumbua wengi na kuwafanya waamini kwamba kompyuta zimerogwa. Baada ya kuweka mifumo miwili, unaingia Linux, saa ni sahihi. Unarudi Windows saa mbili asubuhi, kompyuta inadai ni saa kumi na moja alfajiri. Unairekebisha, ukienda Linux, saa imekimbia mbele. Sababu ni kwamba Windows huichukulia saa iliyomo ndani ya mashine kuwa ni ya hapa petu, ilhali Linux huichukulia kuwa ni ya dunia, ile ya Greenwich, kisha huongeza saa tatu za Kenya. Dawa ni amri moja tu kwa upande wa Linux, ya kuiambia ifuate saa ya hapa petu: timedatectl set-local-rtc 1. Mwalimu wa Jiografia aweza kulifanya hili kuwa somo zima la longitudo.

Lakini saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapochomolewa kwenye stima, hilo ni jambo jingine. Ni betri ndogo ya mviringo, CR2032, sawa na ya rimoti ya gari, na huuzwa katika maduka ya saa. Nimeona kompyuta zikitangazwa kuwa zimekufa kwa sababu tovuti zote zilikataa kufunguka, kumbe mashine iliamini tuko mwaka 2012, na vyeti vya usalama vya tovuti hizo kwa maoni yake vilikuwa havijazaliwa.

Na vumbi! Anayeishi Gilgil halihitaji fafanuzi. Vumbi la kiangazi hupenya dirishani, hukaa juu ya feni ya prosesa, joto hupanda, na mashine hujizima katikati ya kipindi. Mara moja kila muhula, mashine izimwe, ichomolewe, ifunguliwe, isafishwe kwa brashi laini. Ile iliyo nzito kuliko kobe iongezewe kumbukumbu, na diski yake ya kuzunguka ibadilishwe kwa ile isiyozunguka, ya SSD. Tofauti mtaiona siku hiyo hiyo. Bei ya vyote viwili ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya, na hesabu hii ndiyo ambayo Bodi ingepaswa kuletewa kabla ya mzazi kuambiwa alete mchango.

Tena kuna jambo ambalo pendekezo lile halikulitaja. Kwa taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni na Microsoft, viraka vya ziada vya Windows 10 vinauzwa kwa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 7 hadi Oktoba 2028, yaani hata baada ya mtihani wa mwisho wa 8-4-4. Shule ambayo haiwezi kuukata mfumo huo kutoka mtandaoni ingeuliza kwanza kuhusu mpango huu. Bila shaka, hili laifaa tu shule yenye leseni halali. Zile zilizowekewa nakala za wizi na mafundi wa vichochoroni haziwezi kudai viraka, na nakala hizo mara nyingine huja na virusi ndani yake.

Upande wa lugha nao usisahaulike. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu ya kwanza hadi ya mwisho, na iliwezekana kwa sababu msimbo wa programu hiyo ulikuwa wazi kwa kila mtu. LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice, pia yaweza kuwekewa sura ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili akiiona kwa mara ya kwanza huanza kubishana na watafsiri kuhusu istilahi, na ubishi huo darasani una faida kuliko nukuu za ubaoni.

Limebaki swali la nani atakayezitunza mashine hizi, maana mwalimu wa Kompyuta ni mmoja na vipindi vyake havihesabiki. Pawe na klabu ya wanafunzi wanane au kumi, kila mmoja akipewa kompyuta mbili au tatu na daftari lake: tarehe ya kusafisha, tarehe ya viraka vya Linux, tatizo lililoonekana, dawa iliyotumika. Nywila ya msimamizi ikae kwa mwalimu na nakala yake katika bahasha iliyofungwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwani nimeona maabara nzima ikifungwa kwa muhula mmoja baada ya mwalimu kuhamishwa akiondoka na nywila kichwani. Mashine mbili zisizowaka, kati ya zile 22, wapewe wanafunzi wazifungue wazitazame ndani. Huenda moja ikapona kwa vipuri vya mwenzake, na Bodi ikakutana ikiwa na kompyuta 21.