Filamu ya mji wetu, jasho la ndugu zetu

Mwezi wa kumi 2016, Netflix ilitoa filamu The Siege of Jadotville. Jadotville ni jina la zamani la Likasi. Inaonyesha askari zaidi ya 150 wa Ireland, wa Umoja wa Mataifa, waliozungukwa hapa kwetu mwezi wa kenda 1961. Picha zilipigwa Afrika Kusini. Mimi niliiona kwa simu, imekopiwa toka kle USB. Sikulipa Netflix hata franga moja.

Je, niliiba? Wengine wanasema hapana: kampuni ni tajiri, kadi ya banki hatuna, na historia ni yetu. Familia iliyokimbia vita haiwezi kulipa abonema kila mwezi, na watoto wake wanahitaji kucheka kidogo. Sitawatupia mawe.

Lakini mazoea hayachagui. Anayekukopia filamu za mbali na michezo ya video ndiye anayekopi pia teatre na muziki wa Katanga. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inawalinda watunzi wote. Netflix haitalala njaa. Mchekeshaji wa hapa, kazi yake ikizunguka bure, anakosa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo ninyi wenye kukopi, kazi ya ndugu yetu muiuze kwa ruhusa yake, naye apate sehemu yake. Nasi wanunuzi tumuulize muuzaji: mwenyewe amelipwa? Tukiwachosha watunzi wetu, habari za Likasi zitaendelea kusimuliwa na wageni, na picha zitapigwa kwingine.