Mvule hauokolewi kwa kuhesabu miche

Kila halmashauri nchini Tanzania inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa zinazopelekwa juu huwa ni za idadi ya miche iliyotiwa ardhini. Sina ugomvi na hesabu hiyo inapohusu mikaratusi au mitiki, miti inayokubali kupandwa kwa mistari na kuvunwa kwa ratiba. Mvule haumo katika kundi hilo. Tunapouhesabu pamoja na hiyo mingine, tunaupoteza huku tukijipongeza. Ninachosema ni kwamba mvule utaokolewa kwanza kwa kulinda miti mikubwa iliyosimama, madume na majike yakiwa karibu, pamoja na popo wanaosambaza mbegu zake. Kitalu kije baadaye. Ushahidi wa jambo hili umo katika maumbile ya mti wenyewe.

Mvule, ambao wanasayansi wanauita Milicia excelsa, ni wa familia moja na mfenesi na mkuyu, na huota kuanzia Guinea-Bissau hadi Msumbiji. Unaweza kufikia mita 50, shina likiwa limenyooka na mara nyingi halina tawi hadi mita 20 kutoka ardhini. Shina hilo ndilo lililoupa thamani kwa maseremala na waunda majahazi, na ndilo linaloumaliza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mvule una jinsia, kama mpapai: mti mmoja ni dume, mwingine ni jike. Dume hutoa vishada vyembamba vya maua vinavyoning'inia, na jike hutoa vifupi na vinene, na chavua hubebwa na upepo. Nje ya msimu wa maua, hakuna anayeweza kuitofautisha kwa kutazama gome. Mkulima aliyebakiza mvule mmoja shambani kwa ajili ya kivuli amefanya jambo jema, lakini kama miti ya jirani imekwisha kukatwa, huenda amebakiza dume lisilozaa kamwe, au jike lisilofikiwa na chavua. Sisi tunaopita barabarani tunauona mti mkubwa wenye afya na kuamini mvule bado upo. Kibali cha kuvuna nacho hutazama unene wa shina, hakitazami jinsia, na ndiyo maana majike kadhaa ya eneo moja yanaweza kuondoka kwa msimu mmoja bila sheria yoyote kuvunjwa.

Hata jike likipata chavua, kazi haijaisha. Tunda la mvule hubaki na rangi ya kijani hata likiiva, na ndani yake mna mbegu ndogo za milimita mbili hivi. Mlaji wake mkuu ni popo wa matunda, hasa yule aitwaye Eidolon helvum, ambaye kila mwaka hukusanyika kwa mamilioni Kasanka, nchini Zambia. Popo hawa huruka umbali mrefu usiku mmoja na kudondosha mbegu mbali na mama. Umbali huo ni wa lazima, kwa sababu mche wa mvule unataka mwanga na haustawi kwenye kivuli kizito. Tena kuna adui mwingine, vidudu vidogo vya jenasi ya Phytolyma, ambavyo hutia uvimbe kwenye machipukizi hadi ncha ya mche ikaoza na kufa. Miche ikipandwa pamoja kwa wingi, shambulio huwa kali, na mashamba ya mvule mtupu huko Afrika Magharibi yamewasumbua wataalamu wa misitu kwa miongo mingi. Popo huzitawanya mbegu mojamoja. Sisi huzibana kwenye mistari.

Wapo watakaosema kwamba mvule huota pia kwa vipandikizi, kwa hiyo hatuna haja ya popo wala chavua. Ni kweli huota, lakini vipandikizi vyote vya mti mmoja ni vya jinsia moja, na udhaifu wa mzazi huyo vinaurithi vyote. Wengine wataniambia popo hula matunda ya watu na hubeba virusi. Virusi wanavyo, na hiyo ni sababu ya kuacha kuwawinda na kuwala. Kwamba watu wanaweza kuishi na popo, Pemba imekwisha kuonyesha: popo wa kisiwa hicho walikuwa karibu kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya vijiji kukubali kulinda miti yao ya kulala, idadi yao ilikadiriwa kufikia 20,000 hivi katikati ya miaka ya 2000.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima, na ninalichukulia kwa uzito wote. Mvule shambani ni akiba ya familia, ya ada za shule na ya matibabu. Ukimkataza kuukata bila kumpa chochote, ataung'oa mche ukiwa bado mdogo kabla haujamletea matatizo, wala sitamlaumu. Kwa hiyo haki yake juu ya mti iandikwe wazi, na jike linalozaa limlipe likiwa limesimama: alipwe kwa kulitunza, na vitalu vinunue mbegu kwake. Anafaidika na udongo pia, maana tafiti za Kameruni na Ivory Coast zimeonyesha kwamba mvule, kwa kusaidiana na vijidudu vya ardhini, hugeuza hewa ya ukaa kuwa chokaa na kupunguza asidi kwenye udongo ulio chini yake. Maofisa misitu nao wapite vijijini msimu wa maua, waweke alama kwenye madume na majike, na kibali chochote cha kukata kisitolewe kabla ya kujulikana ni miti gani ya jinsia nyingine iliyobaki katika eneo hilo.