Waliopisha, au waliohamishwa?

Ndugu mwandishi, makala ya bandari ya Mbegani, Bagamoyo, nimeisoma yote, hongera. Ila hili la "wananchi waliopisha mradi" linanikera. Ukilisoma unadhani watu wa Mlingotini na Pande walijisogeza wenyewe, kama abiria wa daladala anayempisha mama mjamzito. Mtu akishahesabiwa minazi na mikorosho yake na mtathmini, akaambiwa asipande mche mpya wala asiongeze hata chumba, huyo anahamishwa. Andikeni hivyo, si matusi kwa serikali.

Makali mbona mnayaweza! Mwaka 2019 hayati Magufuli alisema masharti ya wawekezaji wa bandari hiyo ni ya kukubaliwa na mwendawazimu tu, nanyi mkanukuu neno kwa neno. Kwa mwanakijiji ndipo kalamu inapolegea.

Na si bandari peke yake. Mapema 2021 tulikuwa tunazika waliokufa kwa korona huku magazeti yakiandika "changamoto ya upumuaji". Mtu akitekwa, kateka nani? "Watu wasiojulikana." Najua mhariri naye ana watoto wa kusomesha, na leseni ya gazeti haiko mfukoni mwake. Sawa. Lakini fidia ya mnazi mmoja haihitaji ujasiri wa kufungiwa gazeti. Makala ijayo tuandikieni ni shilingi ngapi kwa mti, nani kalipwa, nani bado, na barua ya kuhama ilisainiwa na ofisi gani.