Mwenye fedha yuko Muscat, hati ina jina la binamu

Wiki hii safu hii inaziacha kando bei za mahindi na mkonge ili kuzungumzia bidhaa isiyopimwa kwa kilo: nyumba ya kisasa ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, iliyopo Chumbageni, jijini Tanga. Naitaja kwa vyumba vyake makusudi, kwani nikisema "nyumba ndogo" wapo wasomaji watakaokimbilia maana nyingine.

Dalali mmoja mkongwe wa eneo hilo alinipeleka kuiona nyumba ya aina hiyo. Sakafu ya vigae, madirisha ya alumini, tangi la maji juu ya mnara, geti jeusi. Nikamwuliza, "Mzee, mwenyewe nani?" Akacheka. "Mwanangu, unamuulizia mwenye fedha au mwenye hati?"

Mwenye fedha yuko Muscat. Alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa kijana, na leo ana pasi ya Oman. Mwenye hati ni binamu yake, ambaye ndiye anayekaa humo bila kulipa kodi ya pango. Kwa maelezo ya dalali huyo, nyumba za mpango huo si moja wala mbili katika mji ule, na wenye fedha wengine wako Uingereza na Kanada.

Chanzo cha mpango huo ni sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliweka bayana kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taasisi ya Serikali inayohusika na uwekezaji. Kununua nyumba ili ukae uzeeni ukitazama bahari si uwekezaji. Aidha, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa hapohapo mjini, akishachukua pasi ya nje, mbele ya sheria hiyo ya ardhi ya mwaka 1999 alikuwa sawa na mtalii aliyeshuka jana.

Sasa tuifanyie hesabu biashara hiyo ya binamu, kwani hapo ndipo penye hasara ambayo wengi hawaioni. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imemgharimu mwenye fedha Sh milioni 100. Ingepangishwa kwa Sh 400,000 kwa mwezi angepata Sh milioni 4.8 kwa mwaka, yaani asilimia 4.8 kabla ya matengenezo na kodi. Lakini hapati hata senti hiyo, maana binamu anakaa bure. Ndiyo malipo yake ya kuazimisha jina. Siku mwenye fedha akitaka kuuza, mnunuzi makini atataka kuzungumza na aliye kwenye hati, na akishagundua kwamba wapo wenyewe wawili atashusha bei kwa sababu anabeba hatari. Binamu akiiweka nyumba rehani benki, benki haina kosa. Binamu akifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na mjane na watoto wanagawana kitu ambacho kwa macho yao kilikuwa cha baba. Mwenye fedha akienda mahakamani atafika na mkataba wa siri, ambao lengo lake lilikuwa kuikwepa sheria. Wakili gani atasimama nao?

Hata hivyo, sheria hiyo haikutungwa kwa uchoyo. Waliokuwepo mwaka 1971 wanakumbuka Sheria ya Kutwaa Majengo, ambapo Serikali ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Tanga ni miongoni mwa miji ambayo hadithi hiyo bado inasimuliwa barazani, na inasimuliwa kwa namna mbili kutegemea baraza ni la nani. Hofu ya kwamba ardhi itarudi mikononi mwa wachache wenye fedha ni hofu ya kweli.

Na hofu hiyo imepata chakula kipya. Bandari ya Tanga imeongezewa kina, na rasi ya Chongoleani ndiyo mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017. Miradi ya namna hiyo huleta mafundi na wahandisi wanaohitaji malazi, na mwalimu wa shule ya msingi anayepanga Chumbageni hawezi kushindana nao mbele ya dalali anayetaka kodi ya miezi sita pamoja na yake ya mwezi mmoja. Mlango ukifunguliwa holela kwa wenye dola, mwalimu huyo atahamia Pongwe.

Majirani wameshughulikiaje suala hili? Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, inamruhusu mgeni kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Zanzibar ilitunga Sheria ya Kondominiamu mwaka 2010, na leo wageni wananunua fleti Fumba bila ardhi yenyewe kuwa yao. Oman nayo, tangu mwaka 2006, inawauzia wageni wa taifa lolote nyumba katika maeneo maalumu ya kitalii. Yaani mimi mwenye pasi ya Tanzania, nikiwa na fedha (sina), naweza kununua fleti Muscat, wakati yule mzaliwa wa Tanga, kwa sheria ile ya mwaka 1999, hakuweza kununua mbili-sebule Chumbageni.

Msimamo wa safu hii ni kwamba Bara iuze ghorofa, isiuze ardhi. Tayari ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayomwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake peke yake. Wageni wenye asili ya Tanzania waruhusiwe kununua humo, katika majengo mapya tu, fleti moja kwa mtu, na idadi yao katika kila jengo iwe na kikomo. Hapo fedha ya Muscat itaongeza nyumba mpya badala ya kumpokonya mwalimu ile aliyopanga, na saruji itatoka Pongwe palepale. Muswada wa mwaka 2024 wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, uliolenga kuwapa watu hao hadhi maalumu, ulikuwa hatua njema, lakini hadhi ya kumiliki isiyoeleza wazi namna ya kuuza na kurithisha itamrudisha mtu kwa binamu.

Kwa aliye nje anayesoma ukurasa huu akiwa na fedha mkononi: usitume kitu kabla wakili hajakuonyesha kifungu kinachokuruhusu. Upekuzi wa hati ufanyike Ofisi ya Ardhi, si kwa mjumbe wa mtaa, na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe kwa maandishi. Na kama haraka yako ni ya kulala Tanga siku 30 kwa mwaka, panga.

Nyumba ile yenye geti jeusi bado inauzwa. Dalali anasema wateja watatu wameshafika, na wote waliuliza swali nililouliza mimi.