Acheni kununua mng'ao, besi inataka nyuzi bapa

Waliokuja hapa kutafuta mambo ya hifadhidata wanisamehe, leo naandika kuhusu nyuzi za gitaa la besi. Siku za juma natengeneza programu, Jumapili napiga besi kanisani hapa Voi, na kuna ushauri mmoja unaozunguka kutoka Voi hadi Mwatate hadi Wundanyi ambao umenichosha masikio. Unasema hivi: uzi wa besi ukipoteza ule mlio wa kung'aa wa siku ya kwanza, basi umekufa. Utoe, nunua mwingine, na ukiweza nunua wa chuma cha pua ung'ae zaidi. Eti ndiyo sauti ya kisasa. Mimi nasema ushauri huo ni mbovu kwa wengi wetu, na unamaliza pesa ambazo vijana wa kanisa wamezichanga shilingi kwa shilingi.

Tuanze na uzi wenyewe. Ndani kuna kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa duara, ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo kama kwenye skrubu. Hizo ndizo nyuzi karibu zote unazouziwa ukisema tu "nipe nyuzi za besi". Lakini ukizungushiwa utepe bapa badala ya waya wa duara, uzi unakuwa laini, kidole kinateleza. Hizi ndizo nyuzi bapa. Mlio wake ni mnene, una kishindo mwanzoni halafu unanyamaza mapema. Wauzaji wengi hawaziweki dukani, na ukiziulizia wanakutazama kama umeuliza kaseti.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno kisasa. Fender walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951, nyuzi bapa ndizo zilikuwa kawaida. Mng'ao ulishika kasi mwaka 1966, Rotosound wa Uingereza walipotengeneza nyuzi pamoja na John Entwistle wa The Who, aliyetaka besi yake ilie kama piano. Alikuwa na haki! Bendi yake ilikuwa na gitaa moja, ngoma na mwimbaji, na mahali palipobaki wazi alipajaza yeye. Sasa niambie, kanisani kwenu pako wapi mahali wazi? Kuna kinanda mikono miwili, gitaa la solo, gitaa la ridhim, kayamba, tamborini, na waimbaji thelathini ambao hakuna hata mmoja anayekubali kusimama mbali na maikrofoni. Wewe na mng'ao wako unaingia hapo kufanya nini?

Nilirekodi besi ileile, mkono uleule, wimbo uleule, mara moja kwa nyuzi mpya za duara na mara nyingine kwa nyuzi bapa, nikafungua zote kwenye Audacity. Chini huko, kwenye noti zenyewe, tofauti haikuwa kubwa. Tofauti ilikuwa juu, kuanzia kama hezi 2,000 kwenda mbele, palepale zinapokaa herufi za mwimbaji kama s na t, na palepale linapolia kayamba. Kwa hiyo fundi mitambo anafanya nini? Anashusha ile swichi ya sauti ya juu kwenye chaneli ya besi. Umenunua mng'ao Mombasa, umeulipia nauli mpaka Voi, halafu mtu anauzima kwa kidole kimoja.

Najua jibu litakalokuja, na si jibu la kipuuzi. Watasema spika zetu ni ndogo. Uzi wa E ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi za makanisa madogo haziwezi kuutoa mlio huo kwa nguvu, kwa hiyo msikilizaji anaitambua noti kupitia milio yake ya juu. Ni kweli kabisa. Lakini milio inayomsaidia zaidi ni ile ya 82, 123, 165, na nyuzi bapa zinayo hiyo vizuri tu. Kinachokosekana kwenye nyuzi bapa ni kelele ya chuma kugonga chuma, na hiyo haijawahi kumsaidia mzee wa kanisa aliyekaa nyuma kujua uko noti gani.

Anayetaka mifano, iko. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nzito za La Bella, unene wa 52 hadi 110, na inasimuliwa kwamba hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Na hapa kwetu? Sikilizeni upya Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wetu, ikiongozwa na Mtaita mwenzetu Habel Kifoto, aliyefariki 2011. Weka "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita ambao Kenya nzima iliucheza. Besi inabeba, haing'ai. Mjomba wangu huusikia ukipigwa kwa simu na bado mguu wake unaenda. Tumerithi muziki wa namna hiyo, rumba na benga, halafu tunaufungia nyuzi za roki ya Uingereza kwa sababu kijana fulani wa YouTube amesema.

Halafu kuna vumbi. Watu wa Wundanyi kule juu kwenye ukungu labda hawanielewi, ila Voi tunaijua ile nyekundu inayoingia mpaka ndani ya kompyuta iliyofungwa. Ibada ya saa tatu chini ya mabati, kidole kinatoka jasho, na mikunjo ya uzi wa duara inakusanya jasho, ngozi na vumbi. Wiki chache tu, mng'ao kwisha. Ndipo utawasikia wanachemsha nyuzi kwenye sufuria. Inasaidia, ndiyo, maji ya moto yanatoa uchafu na mlio unarudi kwa siku kadhaa. (Ukikamatwa na sufuria ya ugali ya mama, usitaje jina langu.) Utepe bapa hauna mikunjo ya kutunza uchafu. Futa kwa kitambaa kikavu, basi. Bei yake mara nyingi ni kama mara mbili ya zile nyingine, lakini besi ya kanisani kwetu imefungwa nyuzi bapa tangu 2021 na mweka hazina hajasikia tena habari ya nyuzi. Freti nazo zimepumzika. Chuma cha pua ni kigumu kuliko freti nyingi, kinazila polepole, na fundi wa kuzibadilisha kwangu mimi ni safari ya Mombasa, kilomita 150.

Kuhusu mkono, msikubali maneno ya jumla kwamba nyuzi bapa ni ngumu. Baadhi ni ngumu kweli, na sifa za Jamerson zisikufanye umpe mtoto wa miaka 14 nyuzi za 52. Atatoka malengelenge na mwezi ujao atahamia kinanda. Lakini Thomastik-Infeld wa Austria wana bapa za 43 hadi 100 zinazojulikana kwa ulaini. Mvuto wa uzi ni hesabu: unafuata uzito wa uzi, na unafuata mraba wa mtetemo. Mkishusha gitaa nusu noti ili waimbaji wafike, mvuto umepungua kama asilimia 11. Ndiyo sababu E inalegea na kugonga freti. Badilisha huo mmoja kutoka 100 hadi 105, mvuto unapanda karibu asilimia 10, na mmerudi pale mlipokuwa.

Anayepiga kwa kidole gumba, yale mambo ya kugonga na kuchomoa, abaki na nyuzi za duara. Sina ugomvi naye, mradi asiwe anafanya hivyo wakati wa sadaka.

Mkizipata, jambo moja la mwisho, maana nimeona seti nzuri ikiharibiwa kwa dakika moja. Usikate uzi bapa ukiwa umenyooka. Ukunje kwanza kona kali ya mraba, kisha ukate mbele ya hiyo kona, la sivyo utepe unalegea juu ya kiini na uzi unakufa kabla hujapiga noti. Pima urefu kabla ya kukunja, ili sehemu nene isizungushwe kwenye kigingi. Halafu ziache zivute usiku kucha, na asubuhi uangalie kama shingo imepinda kabla ya kuisawazisha upya.