Kabla ya Kuuza Gari Kuukuu, Soma Kwanza Taarifa ya Miamala Yako

Gari langu lilichemka Kikopey, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Kama unapajua mahali hapo, karibu na Gilgil, unajua watu husimama kula nyama choma. Mimi nilisimama kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho na moshi mweupe ulikuwa unanifuata nyuma. Ndani nilikuwa na trei 60 za mayai za kupeleka Nairobi. Wateja watatu walikuwa wananipigia simu.

Fundi alifungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa. "Boss, hedi gasketi imeungua. Na hedi yenyewe itakuwa imepinda, lazima ipelekwe ikachongwe. Tafuta 45."

Yaani elfu arobaini na tano. Nyumbani nilikuwa na elfu sitini, na zote zilikuwa za karo.

Binamu yangu hakuchelewa kunishauri. "Kaka, uza huo mkebe. Chukua mkopo, nunua kitu ya maana." Gari langu ni Toyota Corolla la mwaka 2003, namba yake inaanza na KBK. Majirani wana KCZ na KDA. Sitasema uongo, maneno yake yaliniingia. Usiku ule tayari nilikuwa naangalia picha za magari kwenye simu.

Aliyenizuia ni mke wangu, kwa swali moja tu. "Baba Neema, hiyo gari imekula pesa ngapi mwaka huu?"

"Kama elfu arobaini hivi."

Alicheka. "Toa simu tuone."

Simu haisahau

Uzuri wa kulipa kwa simu ni kwamba kila shilingi huacha alama. Tuliomba taarifa ya miamala ya miezi 12, tukakaa mezani na kalamu, tukapigia mstari kila malipo ya fundi, duka la spea na gereji. Haya ndiyo tuliyopata:

- Servisi nne, oili na filta: 24,000
- Matairi mawili: 15,000
- Betri: 11,500
- Breki pedi: 5,500
- Springi na bushi za mbele: 24,000
- Boljointi: 9,000
- Kuziba redieta, mara tatu: 14,000
- Gari la kuvuta: 6,000
- Vitu vidogo vidogo: 9,500

Jumla ni 118,500. Karibu mara tatu ya nilivyodhani. Binamu angeona hesabu hiyo angesema, "Si nilikwambia?" Lakini ukiitazama vizuri, inasema kitu tofauti.

Servisi, matairi, betri na breki pedi ni gharama za gari lolote linalotembea. Hata ukinunua lililoshuka meli jana, litakula oili na litamaliza matairi. Hizo ni 56,000. Ukiziondoa, ugonjwa wa uzee wenyewe ulinigharimu 62,500. Watu wengi hujumlisha zote pamoja, wanashtuka, wanauza. Wakishanunua lingine wanagundua kwamba nusu ya zile gharama zimewafuata.

Kisha kuna ile redieta. Niliiziba mara tatu kwa 14,000, ilhali mpya ilikuwa inauzwa 12,000. Na kwa sababu iliendelea kuvuja, maji yaliisha, injini ikachemka, gasketi ikaungua. Kwa hivyo lililoniangusha Kikopey halikuwa uzee wa gari. Ilikuwa ni tabia yangu ya kutafuta ya bei rahisi na kusema "tutaona mwisho wa mwezi."

Hesabu ya upande wa pili

Tuliweka gharama za kubaki na gari upande mmoja: 45,000 za gasketi na hedi, 12,000 za redieta mpya, na tukachukulia kwamba mwaka ujao utakuwa mbaya kama ule uliopita, 62,500 nyingine. Jumla 119,500, karibu 10,000 kwa mwezi.

Upande wa pili tukaweka gari la binamu. Langu, likiwa bovu vile, nilikuwa nimeahidiwa 220,000. Gari nililotaka lilikuwa 900,000. Ningehitaji mkopo wa 680,000. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kwa miezi 36, ningelipa karibu 23,900 kila mwezi, na mwishowe riba peke yake ingefika kama 180,000. Anayekukopesha pesa za gari pia atataka bima kamili, si ile ya theadi pati ninayolipa sasa. Nilitajiwa 36,000 kwa mwaka. Ukitoa 7,500 ninazolipa sasa, hiyo inaongeza karibu 2,400 kwa mwezi.

Basi ni 10,000 dhidi ya 26,300.

Utasema gari jipya ni mali, baada ya miaka mitatu bado ni langu. Kweli. Lakini halitakuwa la 900,000 tena, na kwa miaka hiyo mitatu nitakuwa nimelipa karibu 587,000 zaidi ya yule aliyebaki na KBK yake. Tena tofauti kubwa kuliko zote haiko kwenye jumla. Iko kwenye mwezi mbaya. Kuku wakiugua mwezi wa tano, gari kuukuu nitaliegesha nyumbani nipande matatu hadi mambo yatulie. Mkopo hauegeshwi. Ukikosa kulipa, mkopeshaji ambaye jina lake liko kwenye logbuku pamoja na lako atakuja kulichukua, na ulicholipa kimeenda.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama gari lako ni zima kimsingi na huna pesa taslimu za kununua lingine, tengeneza. Litengeneze vizuri, mara moja.

Kanuni ya "nusu ya bei" inadanganya

Kuna kanuni inayopendwa sana kwenye magereji na kwenye vikao: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, uza. Inasikika kama hekima, lakini inalinganisha vitu visivyolingana. Bei ya gari lako sokoni haikwambii itakugharimu nini kuishi bila hilo gari. Gari la 150,000 likihitaji kazi ya 80,000 ili likuhudumie miaka miwili mingine, hizo ni kama 3,300 kwa mwezi. Ni mkopo gani wa gari utaupata kwa bei hiyo? Linganisha kutengeneza na kununua. Bei ambayo dalali angekupa haimo kwenye hesabu hiyo mpaka uamue kuuza.

Hata hivyo, sisemi ukae na gari hadi likuzike. Kuna wakati wa kuachana nalo, na ukifika usibembeleze.

Kwanza, usalama. Chesisi ikiliwa na kutu, hasa kwa magari yaliyokaa Pwani karibu na maji ya chumvi, au usukani na breki zikikataa kutulia hata baada ya kazi nzuri, hakuna hesabu ya kufanya. Gari hilo linabeba watoto wako.

Pili, ugonjwa uleule ukirudi mara tatu baada ya kutengenezwa inavyofaa, na spea halisi, na fundi anayejua kazi. Angalia maneno hayo: inavyofaa. Redieta yangu ilirudi mara tatu kwa sababu nilikuwa naiziba tu.

Tatu, kama gari ndilo linalokupa riziki na siku za kukaa gereji zinakula zaidi ya spea. Siku ile ya Kikopey nilipoteza oda tatu. Ingekuwa hivyo kila mwezi, hesabu yangu ingegeuka. Dereva wa teksi anajua hili kuliko mimi.

Na kuna njia ya tatu ambayo hatupendi kuizungumzia kwa sababu ya majirani: kuuza na kutonunua. Kama gari lako hutoka Jumapili kwenda kanisani na mara moja kwa mwezi kwenda ushago, jumlisha bima, servisi na mafuta ya mwaka mzima, kisha ulinganishe na nauli. Wengine wetu tunafuga gari kama tunavyofuga mbwa, kwa ajili ya geti.

Ukiamua kutengeneza

Lipa duka la spea mwenyewe, usimtumie fundi pesa za kila kitu kwa pamoja. Si kwamba mafundi wote ni wezi. Fundi wangu ni mtu mwaminifu. Lakini ukilipa duka moja kwa moja unajua bei halisi, unapata risiti, na mwaka ujao taarifa yako itakwambia kitu gani kilinunuliwa lini. Mwombe fundi akupe spea ya zamani mkononi. Lipa kazi yake kwa awamu: sehemu akianza, sehemu gari likiwaka na ukiliendesha mwenyewe barabarani.

Ukiamua kununua

Usitume hata shilingi elfu moja ya "kukushikia gari" kwa mtu ambaye hujamwona yeye wala gari. Picha ni nzuri, bei ni ya chini, muuzaji yuko "safarini", na kuna mteja mwingine anakuja leo jioni. Hadithi hiyo ni ileile, hubadilika namba ya simu tu. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la anayejiita mwenye gari, simama hapo.

Tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Utaona mwenyewe ni nani, na kama kuna mkopeshaji aliyeshikilia logbuku. Ukinunua, hakikisha umiliki umehamishwa kwa jina lako. Gari lenye jina la mtu mwingine ni la mtu mwingine, hata kama ufunguo uko mfukoni mwako. Na ukifikiria kuagiza kutoka Japani, kumbuka Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na bei unayoiona kwenye tovuti haijabeba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na gharama za bandarini.

Ilivyokuwa kwangu

Nilitengeneza. Elfu 25 zilitoka kwenye chama, zilizobaki zikatoka kwenye mauzo ya mayai. Karo haikuguswa. Hedi ilichongwa, redieta mpya ikawekwa, na fundi akaniambia neno ambalo sasa nalifuata kama dawa: kila asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia maji.

Tangu hapo, kila tarehe 5 naweka 10,000 kwenye akiba ya simu niliyoiita "KBK". Pesa hizo haziguswi kwa kitu kingine. Mwaka wa kwanza magonjwa ya gari yalikula 38,000, nikabaki na 82,000. Mwaka ukiwa mbaya, akiba iko. Mwaka ukiwa mzuri, akiba inakua, na siku KBK itakaposema imechoka nitaenda sokoni nikiwa na pesa zangu mkononi, au angalau mkopo wangu utakuwa mdogo.

Binamu alinunua lake. Ni zuri, sitakataa. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama naweza kumwongezea kidogo, mkopo unakatwa kesho.